Kudura ya Mungu na Kabati Lililofungwa



Jambo nitakalokusimulia limenikaa kifuani miaka mingi, na lau si shemeji yangu kunihimiza, nisingalishika kalamu. Lanihusu mimi, lamhusu ndugu yangu marehemu, na huenda likakuhusu na wewe, kwani sijui nyumba hata moja katika pwani yetu hii ambayo haijapata kumkimbiza mtu hospitali usiku wa manane. Hospitali yenyewe sitaitaja, wala daktari sitamtaja. Sina haja ya kumwaibisha mtu. Nataka ujue ilivyo kazi kulithibitisha kosa la hospitali mbele ya sheria, na jinsi mimi mwenyewe, kwa ulimi wangu na kwa mkono wangu, nilivyoipunguza haki ya mayatima wa ndugu yangu.

Ilikuwa ni Ramadhani ya mwaka 1438, iliyoangukia Mei na Juni 2017. Utakumbuka, kama ulikuwapo Mombasa siku hizo, ya kwamba wauguzi wa serikali walikuwa katika mgomo ulioanza tarehe 5 Juni, na kabla yao madaktari nao walikuwa wamegoma siku 100, tangu Disemba 2016 hata Machi. Basi kila aliyeugua alikwenda hospitali za watu binafsi, awe nacho asiwe nacho. Ndugu yangu alikuwa na miaka 51, seremala, mtu wa maneno machache. Usiku mmoja baada ya tarawehe alikuja akaketi barazani kwangu, kahawa asiitake, akanambia kifua chamkaza kama aliyefungwa kamba. Mkono wa kushoto nao wamuuma hata kidole cha mwisho. Yeye akadhani ni randa, kwani alikuwa ameshinda akipiga randa milango ya mvule. Lakini jasho lilikuwa likimtoka hata kanzu imemgandama mwilini, na ule ulikuwa usiku wa kusi, wenye upepo.

Jirani akatutolea gari, tukafika hospitalini saa tano na nusu. Muuguzi mmoja, mama wa makamo, akampima presha, akamtazama sana, akaandika. Kisha tukaingia kwa daktari. Alikuwa kijana, macho mekundu kwa usingizi, na nje watu tele wakingoja zamu; haya nayasema kwa insafu. Akamwuliza, "Mzee, umefuturu nini?" Ndugu yangu, ambaye hakuwa na desturi ya kuficha kitu, akamhesabia: viazi vya nazi, bajia, kaimati, maji ya ukwaju. Daktari akacheka kidogo akasema, "Hii ni asidi. Tumbo lako limechoka. Ramadhani twawaona hawa kila siku." Akamdunga sindano, akampa vidonge na dawa nyeupe ya chupa, akaandika kikaratasi, na saa sita kasorobo tulikuwa mlangoni. Robo saa tu. Mimi ndiye niliyesema alhamdulillahi, nikalipa, nikamrejesha kwake.

Saa kumi kasoro, mkewe alipokwenda kumwamsha kula daku, alikuwa amekwisha tangulia mbele ya haki.

Desturi yetu waijua: maiti hacheleweshwi. Kabla ya adhuhuri tulikuwa tumekwisha mzika. Asubuhi ile nilikwenda kwa naibu wa chifu kutaka kibali cha kuzikia, kwani aliyefia nyumbani habari zake huandikwa hapo, na sababu ya kufa huandikwa kama walivyosema jamaa zake. Akaniuliza, "Alikuwa na nini?" Nikajibu, "Tumbo." Sikusema uwongo, ndilo neno nililopewa na daktari saa chache nyuma. Naye akaliandika, likaingia katika daftari ya serikali, na kutoka hapo likaingia katika cheti cha kifo.

Ama kile kikaratasi cha hospitali, kilikuwa mfukoni mwangu. Siku ya tatu, tukipiga hesabu ya khitima, nilitafuta mahali pa kuandika nikaandika nyuma yake: mchele, sukari, samli, mbuzi wawili. Shughuli ilipokwisha nikakitupa pamoja na takataka nyingine. Hebu fikiri, msomaji. Katika siku tatu nilikuwa nimezika, nimeandikisha na nimetupa, na kila moja katika hayo nilidhani ni wema.

Wa kwanza kututia shaka alikuwa binamu yetu mmoja muuguzi, aliyekuja kutupa pole baada ya Idi. Akauliza, "Walimpima umeme wa moyo?" Tukamwuliza umeme gani. Akatueleza ya kwamba mtu mzima akifika na kifua chamkaza, jasho lamtoka na mkono wamuuma, kwanza huvuliwa shati akabandikwa nyaya, na mashine ikachora mapigo ya moyo wake katika karatasi; na kanuni inayofuatwa na madaktari wa dunia nzima yasema kipimo hiki kifanywe katika dakika 10 tangu afike. Na kikitoka kizuri, haitoshi. Hupimwa na damu kuona kama msuli wa moyo umejeruhika, akalazwa akatazamwa, kwani huenda kipimo cha kwanza kisioneshe kitu na cha pili kikaonesha. Nikamwambia sisi hatukuona nyaya. Akanyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kulikotutoa usingizi.

Hapo nyumba ikagawanyika. Mama yetu alisema, "Mwanangu, siku yake ilikuwa imefika. Mukishitaki, mwamshitaki nani?" Mimi nilikuwa upande wa Mama, na nilikaa upande huo zaidi ya mwaka mzima. Nilisema ni kwa ajili ya imani. Leo nakiri ya kwamba nusu yake ilikuwa ni haya, kwa sababu kila nilipolifikiri jambo hili nililiona lile neno langu katika cheti. Shemeji yangu, ambaye ameachwa na watoto wanne, hakubishana na mkwewe. Alinifuata mimi barazani, amejifunika buibui, akasema, "Shemeji, kufa ni kwa Mungu, hilo sina neno. Lakini yule aliyekuwa kazini usiku ule, kazi yake aliifanya? Hilo ndilo nataka kulijua."

Nikaenda kwa mwalimu wangu wa zamani kumwuliza, na wallahi nilitumai ataniambia niache. Hakuniambia hivyo. Alinambia ya kwamba wanavyuoni tangu zamani wamelitenga jambo la kudura na jambo la dhamana. Mtu asiyejua utabibu akimtibu mtu akamdhuru, yu dhamini, na hadithi ya Mtume, sala na salamu zimshukie, iko wazi katika hilo. Ama tabibu anayejua kazi yake akaifanya kama ipasavyo, mgonjwa akafa, hana lawama. Aijuaye kazi yake kisha akafanya uzembe, huyo huulizwa. Kisha akanieleza kitu ambacho sikupata kukisikia. Katika karne ya sita ya Hijra, huko Sham, al-Shayzari aliandika kitabu cha kuwaongoza wasimamizi wa masoko na mafundi, na matabibu nao wamo. Humo aeleza ya kwamba tabibu akimwona mgonjwa aandike alichokiona na dawa aliyompa, na nakala awaachie jamaa. Na kila siku akija afanye vivyo hivyo. Mgonjwa akipona, tabibu achukue ujira wake. Akifa, jamaa wazichukue zile nakala wampelekee mkuu wa matabibu azisome. Akiona kazi ilifanywa sawasawa, awaambie ajali yake ilifika. Akiona uzembe, awaambie wakadai dia kwa yule tabibu.

Nakala wawaachie jamaa! Nilikaa katika mkeka wa mwalimu nikazikumbuka hesabu zangu za mchele na samli.

Basi tukaenda kwa wakili. Alikuwa mtu mwenye subira, akatueleza kama mtu anayefundisha watoto. Akasema, katika kesi ya namna hii mdai athibitishe mambo, tena ayathibitishe yote, na likianguka moja yote yameanguka. Athibitishe ya kwamba hospitali ilikuwa na wajibu juu ya mgonjwa. Hili jepesi, kwani maadamu umepokewa mlangoni ukaandikwa jina, wajibu umekwisha ingia. Athibitishe ya kwamba wajibu ule ulivunjwa. Na hapa mahakama haiulizi kama daktari alikosea, kwani kukosea hutokea hata kwa hodari. Yauliza kama alifanya kama afanyavyo daktari mwenye ujuzi wa kawaida katika kazi ile. Kipimo hiki kimetoka katika kesi ya Kiingereza iitwayo Bolam, ya mwaka 1957, na mahakama zetu za Kenya hukifuata. Wala wewe na mimi hatuwezi kukijaza, hapana budi aje daktari mwingine asimame aseme, "Mimi ningalifanya hivi, na mwenzangu hakufanya." Kumpata daktari wa kusimama dhidi ya mwenzake katika mji mmoja, ndugu yangu, si kazi ndogo. Ilituchukua miezi saba, na mwishowe tukampata bingwa wa moyo wa Nairobi.

Kisha wakili akatia kalamu mezani akasema, "La tatu ndilo linalozamisha watu." Hilo la tatu ni kuthibitisha ya kwamba lile kosa ndilo lililoleta mauti. Akatusimulia kesi iitwayo Barnett, akasema mawakili wa hospitali hawana budi kuitaja. Mwaka wa 1966, siku ya kwanza ya Januari, walinzi watatu mjini London walikunywa chai alfajiri wakaanza kutapika. Wakaenda wenyewe katika chumba cha dharura. Muuguzi akampigia simu daktari wa zamu, naye alikuwa hajisikii vizuri. Hakushuka kuwatazama, akasema waende kwao wakalale wawaite madaktari wao. Mmoja wao akafa mchana ule ule. Mwili ulipopasuliwa ikaonekana alikuwa na sumu ya aseniki. Mjane akashitaki. Jaji akasema naam, daktari alikuwa na wajibu, na naam, aliuvunja kwa kutomtazama. Lakini hata lau angemtazama na kumlaza, dawa ya sumu ile isingalifika kwa wakati, naye angalikufa vile vile. Mjane hakupata kitu.

Shemeji yangu akauliza, "Lakini wao walijua amekufa kwa nini?" Wakili akasema, "Walijua, kwa sababu alipasuliwa." Tukatazamana. Sisi tulikuwa tumezika kabla ya adhuhuri.

Hapa nitasema neno, na ukitaka kunikemea nikemee. Sisemi maiti zetu zipasuliwe ovyo. Heshima ya maiti twaijua. Lakini wengi wetu twadhani ya kwamba jambo hili limekatazwa moja kwa moja, na sivyo. Baraza la Fiqhi la Rabita, likikutana Makka mwaka 1408, yaani 1987, lilijuzisha upasuaji wa maiti pale haja ya kisheria inapolazimisha kujua sababu ya mauti, pamoja na masharti yake. Mimi sikulijua hilo asubuhi ile, wala sikumwuliza mtu. Labda ningaliuliza na bado tungalikataa. Lakini tungalikataa kwa kujua.

Juu ya hayo, muda nao wakimbia. Kwa hospitali ya mtu binafsi sheria ya Kenya yatoa miaka 3 ya kushitaki, na kwa hospitali ya serikali ni miezi 12 tu. Tena shemeji hakuweza kushitaki kwa jina la marehemu mpaka apewe barua ya usimamizi. Nimewaona watu waliokuja kwa yule wakili na kesi nzuri kuliko yetu akawarudisha kwa ajili ya tarehe. Na wengine wanaijua Katiba ya 2010, kifungu cha 43, kinachosema mtu asinyimwe matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya iliyotiwa saini mwezi ule ule wa Juni 2017, yenye faini ifikayo shilingi milioni 3 kwa hospitali inayomkataa mgonjwa wa dharura ilhali yaweza kumtibu. Lakini hizo ni za yule aliyefungiwa mlango. Sisi hatukufungiwa. Tulifunguliwa, tukachekewa, tukarudishwa.

Kwanza tulidai faili. Mgonjwa, na akifa wenye kumsimamia, wana haki ya kupata habari zake, na wakili akaandika barua. Jibu la kwanza lilisema faili haionekani. La pili lilisema lipeni. Barua ya tatu, iliyotaja kifungu cha 35 cha Katiba, ndiyo iliyoleta nakala za kurasa mbili, baada ya miezi minne.

Nataka uzione kurasa hizo kama nilivyoziona mimi. Ya kwanza ni ya yule mama muuguzi, mwandiko mzuri wa shule za zamani. Ameandika saa: 5.35 usiku. Ameandika presha iko juu na mapigo ya moyo 112. Kisha ameandika: kifua chakaza, mkono wa kushoto waumia, jasho jingi. Ya pili ni ya daktari, mistari minne. Maumivu ya tumbo la juu, amekula vyakula vya mafuta, asidi, aende nyumbani. Neno kifua halimo, wala mkono haumo. Katika hatua kumi kutoka meza ya muuguzi hadi meza ya daktari, kifua kilikuwa kimegeuka tumbo, na mimi nikalichukua tumbo lile nikampelekea naibu wa chifu.

Tulipeleka malalamiko kwanza kwa Bodi ya Madaktari, ambayo tangu 2019 yaitwa Baraza, nao wakaona ya kwamba hospitali ilikosea kwa kutompima moyo na kwa kutomweka chini ya uangalizi. Tukafurahi tukadhani tumeshinda. Wakili akasema bado. Uamuzi ule wasaidia katika lile jambo la pili, lakini la tatu haugusi.

Kesi ilisikizwa mara kwa mara kwa kipindi cha miaka mitatu, na korona katikati. Siku nitakayoieleza ni mbili tu.

Siku ya kwanza alisimama yule mama muuguzi. Alikuwa ameacha kazi pale. Akaulizwa kama hospitali ilikuwa na mashine ya kupima umeme wa moyo. Akasema ilikuwapo. Ilikuwa wapi? Ndani ya kabati. Kwa nini haikutolewa? Akasema kabati lilikuwa limefungwa, na aliyekuwa na ufunguo alikuwa ametoka kidogo. Naye alimwambia daktari, daktari akasema haina haja, ni asidi. Mahakama nzima ikawa kimya. Nilimtazama Mama yetu, aliyekuja siku ile kwa mara ya kwanza, akiwa na tasbihi mkononi. Tasbihi ilikuwa imesimama.

Siku ya pili nilisimama mimi. Wakili wa hospitali alikuwa mtu mwenye adabu, wala hakunipigia kelele. Alinipa karatasi akaniomba niisome. Kilikuwa cheti cha kifo. "Sababu ya kufa yasema nini?" Nikasema, "Tumbo." "Nani aliyempa naibu wa chifu habari hii?" Nikasema, "Mimi." "Ulikuwa umelazimishwa?" "La." "Basi wewe mwenyewe, ndugu wa marehemu, uliyekuwa naye usiku kucha, ulisema amekufa kwa tumbo." Nikataka kueleza, akasema, "Ahsante, mzee, nimemaliza." Nimesimama mbele za watu mara nyingi maishani mwangu, katika harusi na katika maziko. Sijapata kusimama mahali virefu kama pale.

Bingwa wetu wa moyo alisema kwa maoni yake marehemu alikuwa na shambulio la moyo, na lau angelazwa na kufungwa mashine, pigo lililomwua lingaliweza kuonekana na kurudishwa. Wa upande wa pili akajibu kwa hesabu. Kuna utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 1988, uitwao ISIS-2, wa wagonjwa 17,187 wa shambulio la moyo. Kati ya waliopewa vidonge vya aspirini walikufa kwa moyo na mishipa asilimia 9.4 katika wiki tano, na kati ya wasiopewa, asilimia 11.8. Yaani katika watu 100, aspirini iliokoa wawili au watatu. Daktari yeyote humpa mgonjwa kwa furaha dawa inayookoa watu wawili katika mia. Lakini mahakama haipimi hivyo. Mahakama yataka uoneshe ya kwamba kupona kulikuwa na uwezekano zaidi ya nusu, na pungufu ya nusu ni sawa na sifuri. Kwa Waingereza iliamuliwa hivyo mwaka 1987 katika kesi ya Hotson, kijana wa miaka 13 aliyeanguka mtini, hospitali isiuone uvunjikaji wa paja lake kwa siku tano. Alikuwa amepoteza robo moja ya matumaini ya kupona, na robo ile haikulipwa. Tena, akaongeza yule bingwa wa pili, ni nani ajuaye kama ulikuwa ni moyo? Huenda ni mshipa mkubwa uliopasuka. Huenda ni bonge la damu katika pafu. Mwili haukutazamwa, na cheti chasema tumbo.

Hukumu ilitoka 2022. Hakimu akasema wajibu ulikuwapo. Akasema wajibu ulivunjwa, na akalitaja lile kabati na ule ufunguo. Akasema haikuthibitika ya kwamba hilo ndilo lililomwua. Kila upande ubebe gharama zake.

Nilitoka nikiwa na ghadhabu, nikamwomba shemeji radhi kwa miaka mitano na pesa za shamba aliloliuza Kilifi. Alikuwa amesimama chini ya mwembe wa mahakama, na uso wake haukuwa uso wa mtu aliyeshindwa. Ndipo aliponambia jambo ambalo katika miaka yote ile hakunambia. Akasema, "Shemeji, wewe ulidhani nataka pesa? Watoto wamekua, Mungu amewaangalia. Tangu siku ile ya kwanza watu wakija kunipa pole waliuliza alikula nini. Mpaka Mama aliniuliza kama samli ilikuwa nzuri. Wewe ulirudi kwa chifu ukasema tumbo. Ile futari nimeipika mimi."

Nikakosa la kusema. Miaka mitano nilikuwa nikilihesabia lile neno kama hasara ya kesi. Sikupata kufikiri ya kwamba kuna mtu ndani ya nyumba ile aliyelilala nalo kila usiku, na kila Ramadhani akiingia jikoni akaivua mikono yake katika unga.

Bingwa wa moyo alikuwa ameulizwa na hakimu mwenyewe, katikati ya maneno mengi, kama chakula kile chaweza kumwua mtu namna ile, naye akajibu hakiwezi, na hakimu akayaandika maneno hayo katika hukumu, ukurasa wa kumi na moja. Shemeji alimwomba karani ampe nakala ya ukurasa ule. Karani akamwambia hukumu haitolewi ukurasa mmoja mmoja, achukue yote na alipie yote. Akalipa. Siku ya pili nilimkuta kwa Mama, amemsomesha mwanawe mkubwa ukurasa ule kwa sauti, akimfasiria bibi yake kwa Kiswahili, na Mama amemshika shemeji mkono.

Yule mama muuguzi hutujia siku za Idi. Yule daktari nasikia yuko hospitali nyingine, na wanaomjua wasema siku hizi hampiti mtu mwenye kifua bila kumfunga nyaya. Sijui kama ni kweli, napenda iwe kweli. Mimi nimeanza tabia ambayo wajukuu hunicheka kwayo: jirani yeyote akirudi hospitali, humwomba kikaratasi chake nikakinakili katika daftari, na saa aliyoingia na saa aliyotoka, na jina la aliyemwona.

Ama cheti, nilikwenda kuuliza kama chaweza kusahihishwa. Afisa alikuwa mpole, akafungua daftari akaliona lile neno. Akasema ili libadilishwe yatakiwa barua ya daktari aliyeutazama mwili. Nikamwambia hakuna. Akafunga daftari.